Mwisho wa Hadithi Ndefu

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tumeichapa kama ilivyosomwa. — Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wenzangu mliotoka Kasulu, Kibondo na kwingineko, nanyi vijana mliokalishwa viti vya mbele ili asipatikane wa kusinzia kwa siri.

Kila mwaka chama chetu humteua mmoja wetu azungumze nusu saa juu ya jambo lenye manufaa kwa vijana. Mwaka juzi tulisikia habari za ufugaji wa nyuki, na mwaka jana habari za bima ya afya. Safari hii kamati ilinipa uhuru wa kuchagua. Nami nikawauliza Kidato cha Tatu wanataka kusikia nini. Walinijibu kwa barua, imeandikwa vizuri, haina kosa la herufi hata moja, wakitaka niwaeleze kwa nini hadithi waliyoifuata kwa muda mrefu iliishia vibaya. Hadithi yenyewe ni ya Kijapani, inaitwa Attack on Titan. Wajumbe wawili wa kamati walinishauri nitafute jambo zito zaidi. Mimi naliona hili kuwa zito, na wajumbe hao wamekaa safu ya tatu, watanihukumu wenyewe.

Kwanza neno. Hadithi za namna hii huitwa manga. Wazee wangu msiichanganye na Manga ya pilipili manga, ambayo kwa watu wa pwani ni nchi ya Waarabu. Hii ni ya Japani: hadithi ya picha, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na maneno ya wahusika yameandikwa karibu na vichwa vyao, kama tulivyozoea sisi katika Sani, lile gazeti la katuni lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, likapewa jina kutokana na herufi za kwanza za majina yao. Tofauti kubwa ni urefu. Katika Sani, Madenge alifanya utundu wake na mambo yakaisha papo hapo, ukafungua ukurasa umtazame Lodi Lofa. Kwa Wajapani hadithi moja huweza kwenda miaka kumi na mitano. Naruto ilianza mwaka 1999 ikaisha mwaka 2014, sura 700. Bleach ilianza mwaka 2001 ikaisha mwaka 2016. Iko na nyingine iitwayo One Piece, iliyoanza mwaka 1997, na mwaka 2024 ilikuwa bado inaendelea. Yaani mtoto aliyezaliwa siku ilipoanza aliweza kumaliza shule hii, akaoa, akamwandikisha mwanawe darasa la kwanza, na hao mabaharia bado wako njiani. (Kicheko.)

Attack on Titan ilichorwa na kijana mmoja, Hajime Isayama, na ilitoka katika gazeti la kila mwezi kuanzia Septemba 1009—

(Sauti: 2009!)

Ahsante, 2009. Naona barua haikuandikwa na watu wa mchezo. Mpaka Aprili 2021. Jumla sura 139, vitabu 34. Kwa faida ya wasioijua, ni hivi. Binadamu waliobaki wamejifungia ndani ya kuta tatu kubwa, ukuta ndani ya ukuta, kwa miaka mia moja, wakiogopa majitu yalayo watu. Siku moja ukuta unabomolewa. Mtoto aitwaye Eren anamwona mama yake akiliwa, naye anaapa kuyaua majitu yote. Wasomaji wakaandamana naye. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda hadithi ikageuka. Ikajulikana kwamba nje ya kuta kuna dunia nzima ya watu, kwamba majitu yenyewe yalikuwa watu, na kwamba wa ndani na wa nje wanachukiana kwa mambo yaliyotendwa na babu za babu zao. Mwishowe Eren, yule mtoto aliyeonewa, yeye ndiye anakuwa mwangamizaji. Anayaamsha majitu yaliyofichwa ndani ya kuta ili yaikanyage dunia. Na asiyefika huko azibe masikio sasa: anauawa na Mikasa, msichana aliyempenda kuliko watu wote.

Barua ya Kidato cha Tatu inasema mwisho ulikwenda mbio. Inasema Eren, aliyekuwa mtu mgumu tangu utoto, katika sura ya mwisho anamlilia rafiki yake Armin habari za mapenzi. Tena Armin anamshukuru mtu aliyeua sehemu kubwa ya watu wa dunia. Inasema pia kwamba baada ya damu yote hiyo, vita havikwisha. Na chini kabisa mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba wamepoteza muda wao.

Vijana, hamko peke yenu. Mwaka 2021 wasomaji wa Japani na wa nchi nyingi waligombana juu ya sura hiyo. Hadithi ilipomalizika kutengenezwa kwa picha za televisheni, Novemba 2023, mazungumzo ya Eren na Armin yalibadilishwa, jambo ambalo halifanywi kama kila mtu ameridhika. Isayama mwenyewe, alipokutana na wasomaji New York mwaka 2022, alizungumzia mwisho huo kwa majonzi. Kwa hiyo kuna kesi. Tuichunguze basi, maana kosa la mwandishi ni jambo moja, na kiu ya msomaji ni jambo jingine, na mara nyingi tunayachanganya.

Tazameni jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Katika gazeti kama Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, mchoraji hutakiwa kutoa kurasa kama ishirini kila wiki. Wasomaji hupiga kura kwa kadi, wakitaja hadithi walizozipenda. Hadithi isiyopata kura hukatwa, hata kama mwandishi alikuwa na makusudi mema. Na hadithi inayopata kura nyingi haiachwi iishe upesi, kwa sababu inauza gazeti. Sasa mtu analipwa kwa kuendelea. Kila sura imwache msomaji roho juu, ili arudi wiki ijayo, na njia rahisi ya kumwacha roho juu ni kumwahidi siri mpya. Huyu mzee ni nani? Ndani ya chumba kile mna nini? Kila swali kama hilo ni deni. Sote tunajua daftari la mkopo la duka la sokoni: unga leo, sabuni kesho, chumvi kidogo, kila kimoja ni kidogo, na mwenye duka anaandika tu wala hasemi neno. Mwandishi wa mfululizo anakopa hivyo hivyo kwa wasomaji wake kwa miaka kumi na miwili, halafu anapewa sura tatu za kulipa daftari zima. Tena wengine hulipa wakiwa wagonjwa. Mchoraji wa Bleach, Tite Kubo, alikuwa na afya mbovu alipokuwa anamaliza kazi yake, na wasomaji wengi walilalamika kwamba ilimalizwa kwa haraka.

Sisi tuliosoma hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatukupata hata nafasi ya kuulaumu mwisho. Magazeti yetu yalikuwa na hadithi za mfululizo, lakini gazeti lilipanda treni ya Reli ya Kati mpaka Kigoma, likapanda lori mpaka Kasulu, na la Kibondo likasubiri tope la masika lipungue. Wenzangu mnaikumbuka barabara ile. Ilikuwa mfululizo wa peke yake. (Kicheko.) Kwa hiyo tuliisoma hadithi ikiwa na mashimo. Tulipata sehemu ya pili, ya tatu na ya saba. Ya nane tuliikuta sokoni imefungia karanga, nusu ukurasa, mpelelezi ameinua bastola na karatasi imekatika. Bwenini, taa zikishazimwa na mwalimu wa zamu akishapita, tulizitunga wenyewe zile sehemu zilizopotea. Ipo hadithi moja ambayo katika bweni letu ilipata miisho minne, na kila mwisho ulikuwa na wafuasi wake, hata kiranja akalazimika kutoa amri mjadala ufungwe. Miaka mingi baadaye mmoja wetu aliyekuwa anafanya kazi Tabora alibahatika kuupata mwisho wenyewe, akatuandikia barua. Ulikuwa hafifu kuliko yote minne.

Si kila hadithi ndefu ina hatari hiyo. Msikilizeni Sungura. Hadithi za Sungura na Fisi ndizo mfululizo mrefu kuliko wote tulionao, umeendelea kabla ya karatasi kufika nchi hizi, na hakuna mtoto wa Buha aliyewahi kulalamika kwamba uliisha vibaya, kwa sababu hauishi. Leo Fisi anachomwa, kesho yuko mzima, anadanganywa tena. Kila jioni inajifunga yenyewe. Edward Gitau wa Kenya alifuata njia hiyo hiyo kwa Juha Kalulu wake katika Taifa Leo: kwa miongo mingi Juha alikuwa juha yule yule, na aliyekosa gazeti la Jumatatu hakudaiwa chochote siku ya Jumanne.

Wapelelezi wetu nao ni wa jamaa hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta Bwana Msa, mwenye kiko chake, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Vikafuata vingine: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na wenzake, mpaka Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984. Mwandishi akafariki mwaka 1991. Hapakuwa na haja ya sherehe ya kumwaga Bwana Msa, kwani kila kitabu kilileta fumbo lake na kulifumbua chenyewe. Ukimaliza unamkosa mtu, lakini hudai jibu. Na mahali ambapo mwandishi alijaribu kulazimisha mwisho, tunajua yaliyompata: Arthur Conan Doyle, ambaye Sherlock Holmes wake ndiye kama kaka mkubwa wa Bwana Msa, alimtosa mpelelezi wake katika maporomoko ya maji ya Uswisi mwaka 1893, kwa kuwa alikuwa amemchoka. Wasomaji hawakukubali. Mwaka 1903 akalazimika kumtoa majini akiwa hai, akaendelea naye mpaka mwaka 1927.

Isayama hakuwa na nafasi hiyo. Hadithi yake ilikuwa swali moja refu: watu waliozaliwa ndani ya chuki ya wengine wafanye nini ili waishi? Swali la namna hiyo halifumbuliwi kwa kumkamata mwizi.

Sasa mtaniambia, angepanga mwisho wake tangu mwanzo, kama bibi anayesimulia kando ya moto, ambaye anajua kabla ya neno la kwanza kwamba zimwi litaangukia kisimani. Nilidhani hivyo pia mpaka nilipopata habari hii: mwaka 2023 Isayama alieleza kwamba alijikuta amefungwa na mwisho aliokuwa ameufikiria akiwa kijana. Alianza hadithi akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Alimaliza akiwa na thelathini na minne. Hadithi ilikua, watu ndani yake wakakua, mwenyewe akakua, ila mwisho ulibaki na umri ule ule, unamngojea mbele kama suruali ya shule uliyoshonewa Kidato cha Kwanza. (Kicheko.) Ndiyo maana, kwa maoni yangu, yale mazungumzo ya Eren na Armin yanabana. Maneno ni ya vijana wawili wa sura ya kwanza, lakini waliopewa kuyasema wameona mambo ambayo hayasemeki namna ile. Hapo Kidato cha Tatu mna haki, nami natia sahihi barua yenu.

Linganisheni na mwisho wa Fumo Liyongo, ambao mmeusoma au mtausoma. Liyongo hapenywi na silaha yoyote, ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe mwenyewe anarubuniwa na adui, anamwuliza siri, na Liyongo anamwambia, huku moyo unamtuma kwamba kijana ametumwa. Anachomwa usingizini. Anaamka, anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale umetegwa, anakufa hivyo hivyo. Watu wa mji wanakaa na kiu, hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai anawalenga. Mpaka mama yake anakwenda kumsihi, na siku kadhaa zikapita ndipo mwili unapoanguka. Huo ni mwisho! Kiu ya mji mzima imo ndani yake, na woga, na mama. Lakini jiulizeni nani aliutunga. Liyongo alisimuliwa na kuimbwa kwa vizazi vingi kabla Muhammad Kijumwa wa Lamu hajauandika utendi wake mwaka 1913. Mwisho ule umepita katika vinywa vingi, kila kinywa kikisugua kidogo, kama mpini wa jembe unavyosuguliwa na mikono ukawa laini. Wale waliouharibu tumewasahau. Isayama alikuwa na mkono mmoja na mwezi mmoja, na gazeti linangojea.

Hata hivyo liko lalamiko moja katika barua ambalo siwezi kulitia sahihi. Ni lile kwamba vita havikwisha.

Kitabu cha mwisho kilipotoka Juni 2021, Isayama aliongeza kurasa chache ambazo gazetini hazikuwemo. Hazina maneno mengi. Eren amezikwa chini ya mti kilimani. Miaka inapita, mji unakua, majengo yanakuwa marefu, kisha zinakuja ndege za vita na mji unakuwa magofu. Mti umekuwa mkubwa mno na shina lina pango. Mtoto na mbwa wake wanakuja, wanasimama mbele ya pango lile, na msomaji anajua kwamba balaa lote lilianzia katika mti wa namna hiyo. Basi. Wengi wenu mmeuona huo kuwa ni dharau: miaka yote hii, tumerudi pale pale?

Isayama alilelewa katika mji mdogo wa milimani uitwao Oyama, na amesema kwamba milima iliyomzunguka utotoni ndiyo iliyompa wazo la kuta. Nadhani mtoto wa Kasulu au wa Kibondo anaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Ila kuna jambo jingine tunaloelewa. Mwaka 1972 watu walikimbia mauaji Burundi, wakaingia mkoa huu, na wengi wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Oktoba 1993 aliuawa Rais Ndadaye, wakaja tena. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo. Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ya Mtabila, hapa Kasulu, ilifungwa, Warundi wakarudishwa kwao, na wengi wetu tulisema sasa yamekwisha. Mwaka 2015 ukafika. Kambi ya Nduta, kule Kibondo, ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa, ikafunguliwa upya, na miongoni mwa walioingia walikuwamo watu waliokuwa wakikimbia kwa mara ya pili au ya tatu katika maisha yao. Mama aliyevuka mpaka amebebwa mgongoni alivuka tena akiwa amebeba.

Katika bwalo hili wapo ambao bibi zao walivuka hivyo, na wapo ambao mama zao waliwapa hao bibi maji. Huyo mchoraji wa Japani hakuwa na habari ya Manyovu wala ya Nduta. Lakini sidhani kama mtu wa hapa anaweza kumwambia kwamba kurasa zile ni uongo. Ni kurasa chungu. Tulitaka dawa, akatuonyesha kidonda. Unaweza kumchukia kwa hilo, ni haki yako, lakini usiseme amechoka au ameshindwa, hapo hakushindwa. Mimi nimezitazama kurasa hizo mara kadhaa kwa simu ya mwanangu, na kila mara jicho langu linakwenda kwa yule mtoto. Amesimama tu. Mwandishi hakumwingiza pangoni.

Nimekaa sana Japani, turudi nyumbani. Iko hali mbaya zaidi kuliko mwisho hafifu, nayo ni mwandishi kuondoka. Mei 2021, mwezi mmoja baada ya Attack on Titan kwisha, alifariki mchoraji mwingine, Kentaro Miura, akiwa na miaka 54, na hadithi yake iitwayo Berserk, iliyoanza mwaka 1989, ilikuwa haijaisha. Bahati njema, miaka mingi nyuma alikuwa amemsimulia rafiki yake Kouji Mori hadithi yote mpaka mwisho. Mwaka 2022 Mori akakubali kuisimamia, na wasaidizi wa marehemu wakachora. Aliahidi kuandika yale tu aliyoyasikia kwa rafiki yake.

Nasi tunaye wetu. Ben Mtobwa alizaliwa Kasulu mwaka 1958. Vijana wengi hamjui, na wazee wengine wamesahau, kwamba Joram Kiango, yule mpelelezi aliyefuatwa na vijana wa nchi nzima katika miaka ya 1980, alitoka katika kichwa cha mtu wa milima hii. Angalieni majina ya vitabu: Lazima Ufe Joram. Najisikia Kuua Tena. Salamu Toka Kuzimu. Tutarudi na Roho Zetu? Hicho cha mwisho kina alama ya kuuliza kabisa kwenye jalada. Kila jina linatishia mwisho, na kila mara Joram akawa mzima kwa kitabu kinachofuata. Mtobwa hakuishia kuandika. Alianzisha kampuni yake ya kuchapa vitabu, Heko, katika nchi ambayo karatasi ilikuwa taabu na wauzaji wa vitabu wachache. Dar es Salaam Usiku, kilichotoka mwaka 1990, si cha Joram, lakini kilisomwa mno, hata kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Kwetu sisi wa bwenini vitabu vya Joram vilikuwa na maana ya ziada. Mle mlikuwa na mahoteli, ndege, miji ya mbali na wanawake warembo kuliko ilivyoruhusiwa na kanuni za shule, na aliyeandika alikuwa mtu aliyeyajua maharage ya Kasulu na baridi yake ya Julai. Kama yeye aliweza kuvuka milima kwa kalamu, basi inavukika. Wapo kati yetu waliokwenda Dar es Salaam mara ya kwanza wakiijua mitaa yake kwa njia ya Joram, wakapotea vile vile. (Kicheko.)

Mtobwa alifariki mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka hamsini. Joram hajazeeka.

Jana jioni nilipitia maktaba ya shule nikitafuta vitabu vyake. Sikukuta hata kimoja. Simlaumu mtu, nadhani vilisomwa mpaka vikaisha. Mnajua vitabu vya jalada jepesi vinavyokufa. Gundi ikikauka, kurasa za mwisho ndizo hutoka kwanza. Nakala ya Salamu Toka Kuzimu iliyokuwa bwenini kwetu ilikuwa haina kurasa zake za mwisho, na mtu akiiazima alipewa na kijana wa kumsimulia zilizobaki. Kijana huyo, ambaye leo ni mwanachama wetu na hajaniruhusu kumtaja, alikuwa anabadilisha kila mara kulingana na ulichomlipa. Kwa andazi moja Joram alishinda. Kwa maandazi mawili alishinda na kuoa.

Kidato cha Tatu wameandika kwamba wamepoteza muda. Mimi nawauliza: barua ile ya kurasa nne, yenye hoja, inayotaja sura kwa namba, mmeiandika kwa sababu gani? Hadithi mliyoipuuza isingewatia hasira hiyo. Mmekwisha kuanza kuusugua ule mpini. Katika ukurasa wa tatu mmoja wenu anaeleza jinsi ambavyo yeye angeyaandika mazungumzo ya Armin, na maneno yake ni machache na bora kuliko yale yaliyochapwa. Nimeyasoma mara mbili. Namwomba mwenye mwandiko ule, wa herufi zilizoinamia kushoto, anione baada ya chakula. Sitamchongea kwa mtu.

Nimalizie na jambo la kamati. Mimi na wenzangu wanne tumeleta katoni mbili za vitabu. Ya kwanza ina vya Muhammed Said Abdulla, vyote isipokuwa Mwana wa Yungi Hulewa, ambacho bado tunakitafuta. Ya pili ina vitabu vitano vya Mtobwa, vingine vimenunuliwa kwa wauza vitabu vya zamani wa Dar es Salaam, na viwili kati yake vimepungukiwa. Mwanachama yeyote mwenye nakala nzima nyumbani, hata ya kuazima tu, tunaomba ailete kabla ya mkutano wa mwakani ili kurasa zilizopotea zinakiliwe kwa mkono na wanafunzi. Ninamwomba pia mwalimu wa ufundi avishone vyote mgongo kwa uzi wa viatu kabla havijaanza kuazimishwa. Gundi peke yake haitoshi kwa bweni la wavulana.

 (Makofi.)